Kamati za kujitolea za mitaa Mwanza: zinatusogeza karibu na jiji, au zinatufanya vibarua wa bure?

Jiwe la Juu (mleta mada)

Habari zenu wana Mwanza, wa Nyamagana na wa Ilemela.

Jumapili iliyopita mtaani kwetu tuliitwa kikao cha kuchagua kamati ya mitaro. Watu saba, posho hakuna, usafiri hakuna, hata kalamu mjinunulie. Shemeji yangu akasimama mbele za watu: "Kodi ya jengo nakatwa nikinunua umeme wa LUKU, hela ya taka natoa, sasa mnataka na Jumamosi zangu?" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mimi nikachaguliwa. Tangu siku hiyo tukikutana mezani hatuongei kingine.

Kwa hiyo naleta swali hapa. Mimi niko upande wa kamati, na sababu yangu ni mtaro mmoja.

Mtaa sitautaja. Uko milimani, kule mawe ni makubwa kuliko nyumba na kwenda dukani ni kupanda ngazi. Masika yakianza, maji yanashuka na mchanga, mifuko, chupa, na siku moja yalishuka na banda la kuku, kuku wakiwemo ndani. Yote yanaishia bondeni kwenye Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani. Wa juu tukizibua, wa chini wanafurika. Wa chini wakijenga ukuta, maji yanahamia kwa jirani. Kwa miaka mingi kila mmoja alikwenda kulalamika kivyake. Unafika ofisini, unaambiwa mhusika yuko saiti, unarudi.

Mwaka juzi tukaunda kamati ya kwanza, watu watano. Mama mmoja fundi cherehani akaleta kaunta buku. Akauchora mtaro wote kwa penseli, akaweka alama kila unapoziba: nyuma ya mashine ya kusaga, mdomoni mwa kalvati, kwenye kona ya msikiti. Kila mvua ikinyesha anaandika tarehe na mahali maji yalipofika. Hakuandika "mengi" wala "ya kutisha". Aliandika "ngazi ya tatu kwa mwalimu". Tukaandika barua, nakala mbili, moja tukaomba igongwe mhuri wa IMEPOKELEWA tukarudi nayo.

Mara ya kwanza kufuatilia, tukaambiwa barua kama hiyo haijaonekana. Mama akafungua daftari, akachomoa nakala yenye mhuri, akailaza mezani bila kusema neno. Kijana aliyekuwa pale akaingia ndani. Dakika kumi. Akatoka na faili. Miezi mitatu baadaye akaja fundi sanifu, akatembea mtaro mzima daftari likiwa mkononi mwake. Tulipata kalvati moja na kuzibuliwa sehemu ya chini, basi. Ila kwa miaka kumi na mbili ya kulalamika mmoja mmoja hata hilo kalvati hatukuliona.

Sensa ya 2022 ilitukuta watu 1,104,521 Nyamagana na Ilemela kwa pamoja. Hakuna ofisi itakayomsikiliza kila mmoja wetu na mtaro wake. Kamati inayachukua malalamiko mia inayafanya jambo moja lenye tarehe. Karibuni, na msinirushie mawe, tunayo ya kutosha.

Dagaa wa Mwaloni

Kaka umesimulia vizuri, lakini swali la shemeji yako umeliruka. Huyo mama fundi cherehani alipoteza siku ngapi? Nguo za wateja alishona saa ngapi?

Mimi nauza dagaa Kirumba mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki. Boti za visiwani zikiingia alfajiri lazima niwepo, mpaka saa sita niko juani. Vikao vya mtaani kwetu vinaitwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Anayeweza kuhudhuria ni mstaafu, mwenye nyumba, na yule ndugu wa chama ambaye kila kikao chake. Wapangaji hatumo. Halafu hiyo kodi ya jengo unayosema shemeji anakatwa, tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, na nyumba nyingi za huku anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa hiyo mimi nalipa, ila barabara ipite wapi anaulizwa mwenye nyumba.

Niliona hivyohivyo kwenye urasimishaji wa makazi, ile kazi ya kupima viwanja vya watu waliokwisha kujenga. Kamati ya wenye viwanja ilikaa, ikakusanya michango, ikakubaliana njia ipite upande upi. Choo tulichokuwa tukitumia familia nne za wapangaji kikaangukia kwenye njia. Hatukuitwa. Kamati ilisikika jijini vizuri sana, ila haikuwa inasema yetu.

Na kingine: kamati ya maji ni mama yuleyule, ya shule mama yuleyule, ya afya yuleyule. Kujitolea huku kwetu kuna jinsia.

Buhongwa Mwisho wa Lami

Mkileta posho tu, mpwa wa mwenyekiti ataipenda mitaro ghafla. Mimi nimemaliza.

Mtendaji Mstaafu

Nawasalimu wote. Nimekaa ofisi za mitaa na kata miaka mingi, naomba nifafanue mambo ambayo yakieleweka vibaya kamati zinachoka bure.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno mazuri. Lakini mtaa wa mjini haufanani na kijiji. Halmashauri ya kijiji ni chombo kamili kisheria: inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa, inatunga sheria ndogo. Mtaa hauna hayo. Mwenyekiti wa mtaa hana fungu, na hawezi kutunga hata sheria ya kumzuia mtu kutupa taka mtaroni. Kwa hiyo wananchi wa mtaa silaha yao ni muhtasari. Muhtasari wenye mahudhurio yaliyosainiwa unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, na kutoka hapo unapanda halmashauri. Barua ya kamati isiyopita huko inabaki kuwa barua.

La pili ni mlango. Barabara za mitaani ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, pamoja na mitaro yake. Maji na majitaka ni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Taka ngumu ni halmashauri. Nimepokea kwa mkono wangu barua za mtaro zilizoandikwa kwa mamlaka ya maji kwa sababu tu ndani yake kuna neno "maji".

La tatu ndilo linaloniuma. Watu huandika barua ya mtaro mwezi wa nne, wakiwa wameloa. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na wakati huo madiwani wameshapitisha bajeti, iko njiani au iko Dodoma. Barua yako ya Aprili haikukataliwa na mtu, imechelewa treni. Mtaro wa masika uandikieni Oktoba, jua likiwaka, wakati vipaumbele vya mitaa na kata vinakusanywa. Ninajua ni vigumu kumwita mtu kikao cha mafuriko wakati vumbi limejaa.

Kuhusu posho sina jibu. Nimeona kamati zilizokufa zikilipwa na nyingine zikafa zisilipwe.

Nzengo Haifi

Shikamoo mzee, wabeja (asante) kwa darasa.

Jamani, mbona tunajadili kujitolea kama kitu cha kuletewa na semina? Sisi Wasukuma tuna nzengo, umoja wa majirani wa kusaidiana. Msiba ukitokea, kuni, maji, sufuria na kaburi vinapatikana kabla jua halijazama, na hakuna aliyesaini fomu ya posho. Watu wamehama na nzengo yao mpaka mjini, nendeni Igoma na Nyakato mkaone. Anayekuambia watu wa Mwanza hawajitolei hajawahi kufiwa hapa.

Dagaa wa Mwaloni

Nzengo ina meno, ndugu yangu. Usipokwenda kwa wenzako unapigwa mchenya, yaani adhabu ya nzengo, na siku yako ikifika unabeba jeneza na wanao. Nakwenda kwako kwa sababu utakuja kwangu. Kamati ya mtaro nikiikwepa, maji yanapita kwangu sawa na yanavyopita kwa aliyechimba. Ndiyo maana watu wanakwepa.

Na hayo meno yakizidi tunajua yanakofika. Sungusungu, wale walinzi wa jadi, walianza huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukomesha wezi wa ng'ombe, wakawakomesha kweli. Halafu wapo walioanza kuhukumu, na vikongwe wenye macho mekundu, waliodhaniwa wachawi, wakapata taabu. Kamati isiyo na wa kuisimamia siitaki hata ikijitolea saa ishirini na nne.

Igombe Alfajiri

Mimi niko kwenye BMU, vile vikundi vya kulinda rasilimali za uvuvi. Sisi tunatambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003, kwa hiyo si kamati ya kubuni. Wavuvi, wenye boti, wachuuzi, wote tumo kwenye mwalo mmoja. Ofisa uvuvi mmoja hawezi kujua nani katua usiku na kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, sisi tunajua kwa kusikia injini tu.

Ila niwaambie kujitolea kulivyo. Usiku unakwenda doria, unamkamata mtu. Asubuhi duka la pekee lenye mafuta ya taa na betri ni la kaka yake. Anakuuzia, lakini anakuangalia. Na petroli ya boti ya doria nani ananunua? Msimu mmoja tulikuwa tunachangishana, na aliyechanga kubwa kuliko wote akawa yule tuliyekuwa tunamshuku. Tukafanyaje? Tulipokea. Doria za mwezi ule zote zilielekea upande wa pili wa ghuba, mwenye akili aelewe.

Mimi msimamo wangu: posho hapana, gharama ndiyo. Nauli, karatasi, vocha, petroli. Mtu ajitolee muda wake, asijitolee na hela ya unga.

Jirani wa Kisumu

Nawasoma kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu Katiba ya 2010 imefanya ushirikishaji wa umma kuwa lazima, na si mapambo. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakuhusishwa inavyotakikana. Tangu hapo kaunti zinaogopa, zinaita mikutano kwelikweli.

Lakini pia tumezaa ugonjwa wake. Kuna watu wanaohudhuria kila mkutano, wa maji wapo, wa afya wapo, wa barabara wapo, na wanajua ni ukumbi gani hutoa soda na nauli. Sura ni zilezile hadi karani anawajazia majina bila kuuliza.

Buhongwa Mwisho wa Lami

Kumbe wenzetu mnapewa na soda.

Jiwe la Juu (mleta mada)

Nimesoma yote, nimemsomea na shemeji, kafurahi kupita kiasi.

Dada wa Mwaloni, nikujibu bila kuzunguka. Yule mama alijitoa kwenye kamati. Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, wateja watatu wakahamia kwa fundi mwingine kwa sababu siku mbili mfululizo walimkosa, alikuwa ofisini anafuatilia faili letu. Hili sikuliandika juu kwa sababu linaniharibia hoja. Alituachia daftari, na kwa miezi minne halikuandikwa kitu. Mvua kubwa ya mwezi wa tatu haimo kabisa.

Kamati mpya imeamua hivi. Vikao ni Jumapili saa kumi jioni. Wapangaji wawili wameingia, mmoja ni kijana wa bodaboda ambaye anaijua mitaro kuliko sisi wote kwa kuwa ameshaanguka nayo. Kila nyumba inatoa mia mbili kwa mwezi ya nauli na fotokopi, na matumizi yanabandikwa kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Daftari linahama kila wiki, nyumba kwa nyumba, kwa hiyo hata mtoto wa darasa la sita anaandika maji yalipofika.

Mzee Mtendaji, la Oktoba hatukulijua. Barua zetu zote ni za Aprili na Mei, nimehakikisha kwenye daftari. Swali: kwenye mahudhurio, mpangaji akisaini inakubalika, au wataulizia wenye nyumba tu?

Mtendaji Mstaafu

Mkazi ni mkazi. Mkutano ni wa wakazi wa mtaa waliofikisha miaka 18, haukuandikwa kuwa wa wenye nyumba. Asiyejua kuandika aweke dole gumba na jina liandikwe pembeni na mwingine. Na mtendaji wenu ndiye katibu wa kamati ya mtaa, mshirikisheni mapema, msimpelekee muhtasari kama hati ya mashtaka.

Dagaa wa Mwaloni

Jumapili saa kumi naweza. Ila zile sare za wateja watatu wa mama fundi cherehani bado sijaona mtu aliyesema nani anazilipa.