Mabinti wa Kiyahudi mliokalia bodi za sinagogi, tupeane uzoefu

Binti_wa_Ngara
Wapendwa, jana dada mmoja wa hapa tunaposali kaniuliza akubali au akatae, wamempendekeza kwenye bodi. Nimeshindwa kumjibu, yamenirudia mengi. Mimi niliingia nikiwa ndio kwanza nimemaliza chuo, huku Marekani, nikapewa kiti cha "mwakilishi wa vijana". Kiti kipo, kura haipo. Ikifika bajeti unasikilizwa kwa heshima zote, kisha wenye kura wanaamua. Mliokalia bodi, hasa za jumuiya ndogo, semeni ukweli. Anaingia kwenye nini?

Nyota_Saba
Akatae.

Kibibi_Toronto
Asikatae! Aombe katiba kabla ya kikao cha kwanza, asome kifungu cha wajumbe na cha akidi. Yetu ilisema kila mjumbe wa bodi ana kura, hakuna palipoandikwa kwamba kijana hana. Nikakisoma kwa sauti kikaoni. Mzee mwenyekiti akavua miwani, akaomba akione mwenyewe, akasema basi binti apige kura. Hapakuwa na ugomvi, ni mazoea tu yalikuwa yameota mizizi.

MamaTamar
Na michango je? Bodi nyingi za huko Marekani mjumbe anatarajiwa atoe hela zake au akazitafute kwa watu. Binti mwenye mkopo wa chuo atatoa wapi? Halafu tunaambiwa vijana hawapendi kujitolea.

Binti_wa_Ngara
Hapo umegusa penyewe.

Mjukuu_wa_Mbale
Akiingia asikubali ukatibu. Ataandika mihutasari mpaka aitwe bibi.

Kibibi_Toronto
Mimi nasema aukubali haraka. Mwenye kuandika mihutasari ndiye anayejua nani aliahidi nini.

Nyota_Saba
Nimesema akatae, ngoja nieleze. Sitaji nchi wala mji. Sisi ni familia chache. Alhamisi mchana akafariki bibi aliyenifundisha kusoma Kiebrania. Mwenyekiti yuko safarini, makamu hapatikani kwenye simu, mhazini kalazwa. Nikabaki mimi, mjumbe mdogo kuliko wote. Mnajua mambo yetu, Sabato haturuhusiwi kuzika, kwa hiyo ni Ijumaa kabla jua halijazama au marehemu asubiri mpaka Jumapili. Hospitali hawatoi mwili bila kulipwa bili. Hela za jumuiya ziko benki, zinataka saini mbili, na wenye saini ndio hao niliowataja.

Nikachangisha kwa simu usiku kucha. Mochwari walikuwa tayari kumchoma dawa, nikamsihi mhudumu asiguse. Seremala kashaandaa vishikio vya kung'aa, nikamwambia avitoe, tunataka mbao tupu. Mama mmoja akashona sanda nyeupe, haina mfuko wala fundo. Kuosha ndiko kulikonitoa jasho. Mwanamke anaoshwa na wanawake, na maji ya mwisho hayatakiwi kukatika, ndoo ya pili ianze kumwagwa kabla ya kwanza kuisha. Wanaojua tulikuwa wawili tu. Jirani yetu Mwislamu, ambaye huosha maiti kwao, alisimama mlangoni anatujazia ndoo bila kuulizwa. Tukamzika Ijumaa, jua bado lipo.

Wafiwa hawajamaliza siku saba za matanga, nikaitwa kikaoni. Swali la kwanza: nani alikuruhusu kuchangisha kwa jina la jumuiya? Si pole, si asante. Nikaandika barua ya kujiuzulu palepale mezani.

MamaTamar
Nimelia. Pole sana mdogo wangu.

Msomi_wa_Torati
Pole dada. Ila hilo la jirani mngelifikiria vizuri, kuosha ni kazi yetu wenyewe.

Nyota_Saba
Soma tena. Alikuwa mlangoni, hakugusa mwili.

Msomi_wa_Torati
Nakumbusha tu utaratibu.

MamaTamar
Kaka, wewe mwanaume, usingeruhusiwa hata kuingia mle ndani. Huyo jirani mwombee heri. Na wangapi wa jumuiya yako wanajua kuosha?

Mjukuu_wa_Mbale
Jibu hilo swali, Msomi.

Binti_wa_Ngara
Jamani tusigombane. Nyota, pole mno. Mimi ningewaachia bodi yao nikaanzisha ya wanawake. Hannah Solomon alifanya hivyo Chicago mwaka 1893, kwenye maonyesho ya dunia. Wanaume wa Kiyahudi waliwapangia wanawake kazi ya kukaribisha wageni, akajitoa nao, wakafanya mkutano wao wenyewe, na hapo likazaliwa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kiyahudi. Lipo mpaka leo.

Mjukuu_wa_Mbale
Marekani mko wengi, mnaweza kugawanyika. Asili yangu ni Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 ilipigwa marufuku na Amin, wazee wetu wakasali kwa kificho, wengine wengi wakaacha kabisa. Kila asiyeridhika angeondoka, leo pasingekuwa na mtu wa kunifundisha sala. Nyota, rudi. Wao ndio wajieleze mbele ya mkutano mkuu.

Nyota_Saba
Kwenye bodi sirudi. Kuosha nitakwenda wakiniita.

Kibibi_Toronto
Nyota alifanya kazi ya bodi nzima peke yake, na aliyemuuliza lile swali anadaiwa msamaha hadharani. Sasa Binti, mwambie huyo dada aingie na masharti. Watia saini wa benki wawe wanne, wawili wowote watoshe. Mfuko wa mazishi uwe akaunti yake, na azimio liseme mjumbe yeyote anaweza kuchangisha msiba ukitokea, atoe hesabu baadaye. Orodha ya wanawake wanaojua kuosha ibandikwe ofisini na namba zao za simu. Wakikataa hayo, basi na yeye akatae kiti.

MamaTamar
Na kiti kiwe na kura.

Binti_wa_Ngara
Nimempelekea uzi mzima, anasoma. Kibibi, nitumie hicho kifungu cha watia saini kama kilivyo. Mkutano wetu mkuu ni baada ya Pasaka.

Kibibi_Toronto
Nimekutumia kwa ujumbe binafsi. Badilisha jina la jumuiya tu. Na mkishapitisha, pelekeni benki muhtasari wenye saini ya mwenyekiti na katibu, bila huo hawabadilishi kitu.