Kufuatilia asili ya bunduki ya kale ya kivita: simulizi mbili za ukoo mmoja, Tanga

Mkusanyaji wa Chumbageni ameandika:

Wazee wangu na ndugu zangu, salamu kutoka Tanga. Kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya vitu vilivyoachwa na vita katika ukanda huu wa pwani, hasa vifungo vya sare, maganda ya risasi, singe na picha za askari. Sasa ukoo umenikabidhi jukumu zito zaidi, nalo ni kuandika historia ya bunduki moja ya kale iliyokuwa ya marehemu babu yangu huko Manza. Bunduki hiyo baba yangu mdogo anaimiliki kwa kibali, na polisi walikwisha kuikagua na kuthibitisha kwamba haina risasi. Familia inafikiria kuikabidhi makumbusho, lakini haitaki kuikabidhi pamoja na maelezo yasiyo ya kweli.

Ugumu uko kwenye simulizi, kwa sababu tunazo mbili. Upande wa baba zangu wanasema kwamba baba yake babu aliiokota baada ya vita vya Tanga vya Novemba 1914, pale kikosi cha Waingereza kilicholetwa kutoka India kiliporudi melini na kuacha silaha nyingi nyuma. Shangazi zangu wanasema ilitoka katika ile meli ya Kijerumani iliyoshambuliwa katika ghuba ya Manza mwaka uliofuata. Wote wanasimulia kwa uhakika, na wote ni watu ninaowaheshimu.

Bunduki yenyewe ni ndefu, inaingia risasi moja kwa wakati, na tundu la mtutu ni pana kuliko la bunduki nyingine za bolti nilizowahi kuona. Juu ya chemba pana taji na neno Spandau, ubavuni mwaka 1877, na upande wa kushoto maandishi ya Kijerumani cha zamani ambayo nimeyasoma kuwa I.G.Mod.71. Nyaraka niliyo nayo ni moja tu, kibali cha babu cha miaka ya hamsini chenye namba ya bunduki. Naomba mwongozo: nianzie wapi, na nitajuaje ni simulizi ipi inayosimama?

Mzee wa Raskazone amejibu:

Mwanangu, umefanya vyema kutaja mihuri kabla ya kuuliza thamani, maana wengi huanza na bei. Nitakujibu kwa urefu kwa kuwa jambo hili linastahili.

Hiyo ni Mauser ya mfano wa 1871, bunduki ya kwanza ya jeshi la Ujerumani kutumia risasi zenye ganda la madini, yenye kipenyo cha milimita 11 na inayotumia baruti nyeusi. Spandau ni kiwanda cha silaha cha serikali ya Prusia karibu na Berlin, na herufi I.G. zinaonyesha kwamba ni bunduki ya askari wa miguu, si ile fupi iitwayo Jägerbüchse, ya vikosi vya wawindaji, wala ile fupi zaidi ya wapanda farasi. Hayo ndiyo chuma kinayoeleza bila kuulizwa, na kwa hayo tu simulizi zote mbili tayari zimetikisika.

Tuanze na ya vita vya Tanga. Kikosi cha Waingereza chini ya Meja Jenerali Aitken, kiasi cha watu 8,000, kilishuka hapa na kushindwa na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lililokuwa na watu wapatao 1,000, kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914. Ni kweli kwamba kiliacha mamia ya bunduki na shehena kubwa ya risasi. Lakini bunduki hizo zilikuwa za Kiingereza, aina ya Lee-Enfield, zenye tundu la milimita 7.7. Waliokuwa na Mauser za 1871 siku ile walikuwa wengi wa askari wa upande wa Wajerumani wenyewe, na moshi mzito wa baruti yao ulionyesha mahali walipojificha kila walipofyatua. Kwa hiyo bunduki yako inaweza kuwa imetoka katika uwanja ule ule wa vita, ila si kutoka mikononi mwa wale ambao simulizi inawataja.

Meli ya Manza ni Rubens, iliyokuja ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta na kuishambulia, nayo ikazama katika maji mafupi, ndiyo sababu Wajerumani waliweza kuopoa sehemu kubwa ya shehena na kuzianika risasi zilizolowa. Shehena hiyo ililetwa mahsusi kuondoa upungufu wa bunduki za kisasa, kwa hiyo ilikuwa na Mauser za mfano wa 1898. Sioni sababu ya kuleta kwa hatari kubwa namna ile bunduki za 1871 ambazo koloni ilikuwa inataka kuachana nazo.

Sasa fanya kazi mbili. Pima urefu wote wa bunduki: ile ya askari wa miguu ina takriban mita 1.35, na Jägerbüchse takriban mita 1.24. Kisha angalia bamba la chuma la kitako, sehemu ya juu, uone kama pana namba na herufi ndogo. Usitumie msasa, brashi ya waya wala dawa ya kung'arisha, kwa sababu muhuri uliofutika haurudi na rangi ya uzee wa chuma ni sehemu ya ushahidi. Pakaza unga wa chaki kidogo kwa kidole, umulike tochi kutoka ubavuni, upige picha, kisha ufute kwa kitambaa laini.

Binti wa Pangani amejibu:

Shikamoo Mzee wa Raskazone, na kaka yangu pole kwa mzigo huo.

Ningependa kuongeza neno kuhusu wazee wako. Simulizi ikikosea aina ya bunduki haimaanishi kwamba imekosea kila kitu, kwa hiyo usiende kwa shangazi na kumwambia kwamba maneno yake yamekanushwa. Mhoji kila mmoja peke yake, umwachie aeleze mwenyewe bila kumtajia 1914 wala Rubens, na uandike alilisikia kwa nani, wakati gani na wapi. Uliza hasa alichokuwa akifanya huyo baba wa babu: je, alikuwa askari, mpagazi, mvuvi, au mfanyakazi wa shamba la mkonge? Katika vita ile wapagazi walikuwa wengi kuliko wapiganaji, na ukoo mara nyingi hukumbuka mahali na hofu ya siku ile kwa usahihi zaidi kuliko hukumbuka bendera.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee waliobaki wa jeshi la Wajerumani, wachache tu walikuja Mwanza na vyeti vyao. Wengine walipewa fimbo ya ufagio na kuamrishwa kwa Kijerumani kama gwarideni, na wakatii bila kukosea. Karatasi haikuwapo, ila mwili ulikumbuka.

Mkusanyaji wa Chumbageni ameandika:

Ahsanteni sana. Urefu ni mita 1.34 na zaidi kidogo. Bamba la kitako lina maandishi haya: 61.R.7.38. Namba iliyo kwenye mtutu ni ile ile iliyo katika kibali cha babu, lakini bolti ina namba nyingine kabisa. Shangazi mkubwa, nilipomwacha azungumze, alisema kwamba huyo mzee aliwahi "kuwabebea Wadachi mizigo", yaani Wajerumani, jambo ambalo sijapata kulisikia.

Mzee wa Raskazone amejibu:

Nimefurahi mno kusoma maandishi hayo. Yanasomeka hivi: kikosi cha 61 cha askari wa miguu, kombania ya 7, bunduki ya 38. Kikosi hicho cha Prusia kilikuwa na makazi yake Thorn, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Toruń. Basi kabla ya kufika Afrika, bunduki yako ilibebwa na mwanajeshi wa Ulaya, na yaelekea ilitoka kikosini baada ya Ujerumani kupokea bunduki mpya zaidi katika miaka ya 1880.

Tangu hapo njia zinagawanyika, na hapa ndipo mkusanyaji anapopaswa kuwa mwaminifu. Ingeweza kuletwa na serikali ya koloni, au kuuzwa kwa wafanyabiashara. Mauser za 1871 ziliuzwa ovyo duniani kiasi kwamba mwezi Julai 1914 wazalendo wa Ireland walishusha takriban 900 bandarini Howth, kwa hiyo aina peke yake haithibitishi kwamba ilikuwa ya askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika koloni. Na askari wa huku walijulikana zaidi kwa ile fupi ya Jägerbüchse, wakati yako ni ndefu. Kwa upande mwingine, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuuza bunduki za namna hii kwa wenyeji na kuacha magobore ya gumegume, jambo linalopunguza uwezekano wa kuinunua dukani kihalali.

Bolti yenye namba tofauti inaonyesha kwamba ilipata kutengenezwa kwa vipuri vya bunduki nyingine, ama ghalani ama vitani. Iandike hivyo ilivyo, wala usitafute bolti "inayofanana".

Kwa maoni yangu, andiko lako liwe na ngazi tatu zilizotenganishwa wazi: yaliyothibitishwa na mihuri (Spandau 1877, kikosi cha 61), yaliyothibitishwa na karatasi (kibali cha babu na namba yake), na yanayosimuliwa. Pengo kati ya Thorn na Manza liache wazi. Habari ya upagazi iweke katika simulizi, kwa jina la shangazi na tarehe uliyomhoji.

Mwenyeji wa Bagamoyo amejibu:

Kuhusu nyaraka: faili za utawala wa Kijerumani zilizobaki nchini zipo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na za wizara ya makoloni zipo Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa za Ujerumani, Berlin, katika fungu R 1001. Kumbukumbu nyingi za jeshi la Prusia ziliteketea Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945, kwa hiyo usitumie nguvu zako kutafuta orodha ya namba za kikosi cha 61. Tafuta badala yake habari za wilaya ya Tanga, maghala ya silaha na wapagazi wa Manza, na katika barua yako taja eneo na miaka, si bunduki peke yake.

Kabla ya kuikabidhi makumbusho, baba yako mdogo aende polisi na kibali chake, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haiachi umiliki uhamishwe kwa maneno ya mdomo. Nakala ya kibali cha babu ipigwe picha pande zote mbili, na ofisa wa polisi aombwe aandike namba ya mtutu na namba ya bolti katika hati ya makabidhiano.