Mita moja ya LUKU, vyumba sita: nani anakula umeme wa nani?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Nimepanga Gungu, hapa Kigoma mjini. Nyumba ina vyumba sita na mita moja ya LUKU, umeme tunachanga sawa kwa kila chumba. Mama wa chumba cha uani ana taa moja na chaji ya simu tu. Analipa sawasawa na jamaa wa mbele mwenye friji la mtumba, pasi na hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Akilalamika, mwenye nyumba anamjibu kama hataki ahame. Huu ni uonevu!

Hita ya wati 2000 ikiwaka nusu saa imemaliza yuniti nzima. Yuniti hiyohiyo inawasha taa ya wati 9 kwa zaidi ya saa 100. Nani anayaona hayo wakati mita inahesabu nyumba nzima kwa pamoja? Anayebana matumizi anamwekea akiba mwenzake.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi huuziwa yuniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Kaya sita kwenye mita moja tunavuka hapo mapema sana, tunapigwa bei ya kundi la juu, karibu mara tatu. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya yule mama haimfikii, eti kwa sababu kapanga.

Halafu tunahimizwa tuache mkaa, mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, ndiyo maana nilijikamua nikanunua jiko la presha la umeme. Linaivisha maharage kwa chini ya yuniti moja. Nimepika maharage ya Kasulu asubuhi, jioni nimewekwa kikao uani: "Wewe ndiye unayetumalizia umeme." Ushahidi wa kujitetea ningeutoa wapi? Jiko liko juu ya kabati, nimerudi kwenye mkaa. Na kilo moja ya mkaa kwa matanuri yetu ya udongo inakula kilo tano hadi kumi za kuni. Misitu ya Uvinza inateketea, hewa ukaa inapanda angani, na hakuna risiti inayomwonyesha mpikaji gharama hiyo.

Ulaya friji haliuzwi dukani bila lebo ya daraja la ubanaji umeme, A hadi G, na yuniti linazokula kwa mwaka. Hapa Kigoma, mtaa wa Mwanga, nilimuuliza muuzaji friji lake linakula kiasi gani, akasema linagandisha vizuri.

Submita, yaani mita ndogo ya kuhesabu umeme wa chumba kimoja, kwa kila chumba iwe sharti la kupangisha nyumba, na wanaosimamia nishati walisimamie hilo kwa sheria. Nyie mliofanikiwa kumbana mwenye nyumba akafunga submita, mlianzia wapi, serikali ya mtaa? Na fundi alitoza shilingi ngapi kwa chumba?