Tupeane uzoefu: kumpeleka mtoto kuvua samoni na trauti kwa boti ya kukodi, Ziwa Michigan na Ziwa Ontario

Baba wa Wawili (mwanzisha mada)

Habari zenu wanajamvi. Sisi tunaoishi karibu na haya maziwa makubwa ya Marekani, ikifika Mei huwa tunaulizana swali lile lile: boti ya kukodi ya kuvulia samoni, mtoto ataiweza? Naomba kila aliyewahi kwenda na watoto asimulie yaliyomkuta, ya raha na ya karaha. Naanza mimi.

Tulitokea Ludington, upande wa Michigan, mwezi Agosti. Mvulana alikuwa na miaka 9, binti 6. Nahodha alitutaka gatini saa 11 kasorobo alfajiri, kwani samoni wakubwa aina ya Chinook hula vizuri giza likiwa bado halijaachia. Kwa mtu mzima hilo si neno. Kwa binti yangu ilikuwa ni kukatishwa usingizi saa 10 usiku. Alilala kwenye kiti cha ndani, akaamka jua limetoka na boti inayumba, akatapika. Na safari niliyolipia ilikuwa ya masaa 6.

Asiyejua uvuvi huu ajue kwamba boti haitii nanga. Inatembea polepole, maili 2 hadi 3 kwa saa, ikikokota mishipi kumi hivi nyuma na pembeni. Mingine inashushwa chini kwa tufe la madini ya risasi la kilo 4 au 5 lililofungwa kwenye waya. Mshipi unabanwa kwenye kibanio juu ya tufe, samaki akivuta unachomoka. Kwa hiyo hakuna kurusha ndoana wala kushika fimbo muda wote. Mnakaa, mnakaa, halafu fimbo moja inapinda ghafla na kila mtu anasimama. Mtoto anahitaji kuambiwa hivyo kabla, la sivyo nusu saa ya kwanza tu ataanza kuuliza tunarudi lini.

Fimbo ilipopinda, msaidizi wa nahodha aliichomoa kwenye kishikio akamkabidhi mwanangu. Rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, zina kihesabu cha futi. Anaipokea inasoma 180, kabla sijapumua inasoma 400, samaki anaondoka na mshipi. Mimi nilimshika mkanda wa jaketi kwa nyuma, sikugusa fimbo. Dakika 20. Samaki akaopolewa kwa wavu, karibu kilo 8. Mikono ya mvulana ilitetemeka hadi tunafika gatini, na mpaka leo anaitaja ile namba 400.

Nilichojifunza: safari ile niliichagua kwa ajili yangu, si kwa ajili yao. Mwaka uliofuata tulichukua ya jioni, masaa 4, na binti naye alivua. Haya, karibuni.

Mama Mapacha

Baba wa Wawili, ulianzia darasa la mwisho. Kwa watoto wadogo anzeni na koho, samoni wa aina ndogo, wa majira ya kuchipua.

Kusini mwa Ziwa Michigan maji hupata joto mapema, ndiyo maana koho hukusanyika huko. Machi na Aprili wanavuliwa upande wa Michigan City, Indiana, kisha wanapanda taratibu kufuata pwani ya Illinois, na kufikia Mei wako Waukegan, Kenosha, Racine. Wengi ni wa kilo 1 hadi 2, wanaogelea karibu na uso wa maji, na hula kwa makundi. Fimbo zake ni nyepesi. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuvuta mwenyewe mwanzo hadi mwisho bila mtu kumshikia.

Sisi tulitoka Kenosha katikati ya Mei. Saa nzima ya kwanza kimya. Kisha fimbo tatu zikapinda kwa mpigo na mapacha wangu wakaanza kugombania. Nahodha alitatua kwa jambo ambalo tangu hapo nalifanya kabla hatujaondoka gatini: kila mtu anapewa namba, na samaki wa namba yako ni wako hata akiponyoka. Akiponyoka unarudi mwisho wa foleni. Ugomvi ukaisha. Tulirudi na samaki 14 na kila mtoto anajua wake ni yupi.

Na nguo! Mjini kulikuwa na joto la kuvaa fulana. Ziwani maji yalikuwa nyuzi 7 na upepo unatoka majini, pumzi ilionekana mdomoni. Beba kofia za sufu, glavu na suruali ya pili hata kama mtaani watu wamevaa kaptula. Mtoto akipata baridi safari imekwisha, samaki wawepo wasiwepo.

Mkaa Oswego

Mimi niko upande wa Ziwa Ontario. Nataka kusema kuhusu safari iliyoahirishwa, kwa sababu wengi huona wameonewa.

Nilikuwa nimewaahidi watoto wiki tatu nzima. Saa 2 usiku wa kuamkia safari nahodha akapiga simu: upepo wa kaskazini-magharibi, hatutoki. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwangu dirishani jani halitikisiki. Asubuhi nikawapeleka watoto ufukweni ili angalau waone maji, na mawimbi yalikuwa yanaruka juu ya ukuta wa bandari. Nilimpigia simu nikamwomba radhi. Aliturudishia tarehe nyingine bila kututoza chochote.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa nahodha yeyote siku hizi ni: kwa mawimbi ya futi ngapi hutoki ukiwa na watoto? Anayejibu kwa namba bila kusita, huyo nampa pesa yangu. Anayesema "tutaona asubuhi" namshukuru na kuendelea kutafuta.

Safari yenyewe ilikuwa ya Agosti, karibu na mdomo wa mto Salmon, ambako Chinook hukusanyika kabla ya kupanda mtoni kutaga. Lakini kilichowagusa wanangu zaidi kilikuja Oktoba. Niliwapeleka Altmar, kwenye kituo cha jimbo cha kutotolesha samaki. Pale unawaona samoni wakipanda ngazi ya maji moja hadi nyingine, wamechakaa, mapezi yamelika. Binti yangu akauliza mbona wamekuwa hivyo. Nikamweleza kwamba wakishataga wanakufa, wote. Alinyamaza njia nzima. Ukiweza, unganisha hizo safari mbili.

Shangazi wa Milwaukee

Nitakuwa mfupi. Boti nyingi za aina hii nahodha wake ana leseni ya kubeba abiria 6, basi. Hata kichanga kinahesabiwa. Sisi tulikuwa watu wazima wanne, watoto wawili na mtoto wa miezi 10 mgongoni, nikidhani wa mgongoni si mtu. Nahodha alitusimamisha gatini, akasema mmoja abaki. Nilibaki mimi na mtoto, nikakaa garini masaa 5. Hakukosea, angeweza kupoteza leseni. Semeni idadi kamili mnapoweka nafasi. Mkizidi 6 kodini boti mbili, au tafuteni chombo kikubwa kilichokaguliwa kubeba zaidi.

Leseni za uvuvi: Wisconsin, Illinois na New York mtoto wa chini ya miaka 16 hahitaji, Michigan chini ya 17. Mtu mzima anahitaji, na Wisconsin na Illinois kuna stempu ya samoni, yaani kibali cha ziada, juu yake.

Jaketi okozi: ulizeni kama zipo za uzito wa mtoto wenu. Ya mtu mzima mtoto anachomoka kwa chini. Mimi nabeba ya kwetu.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Naomba niongelee tumbo, kwa namna mbili.

Kwanza kulewa mawimbi. Dawa hufanya kazi ikimezwa kabla, si baada ya kichefuchefu kuanza, na kwa mtoto muulize daktari au mfamasia kipimo kulingana na umri. Asiende na tumbo tupu wala lililojaa. Mkate mkavu kidogo unatosha. Asikae chumbani akichezea simu. Mtoe nje, mkalishe katikati au nyuma ya boti ambako mtikisiko ni mdogo, aangalie pale maji yanapokutana na mbingu. Mwanangu wa kati nilimpa kazi ya kutazama fimbo na kupiga kelele ikipinda. Macho yake yalikuwa nje muda wote na hakutapika.

Pili, kula samaki wenyewe, na hapa nawasihi msikilize. Maziwa haya yalipokea taka za viwanda miaka mingi. Kemikali za PCB, ambazo Marekani ilipiga marufuku kuzitengeneza mwaka 1979, bado zimo, na zinajikusanya kwenye mafuta ya samaki. Samaki mkubwa aliyeishi miaka mingi anakuwa nazo zaidi, na trauti wa ziwa ndiye anayeishi sana na ana mafuta mengi. Kila jimbo hutoa mwongozo wa idadi ya milo kwa kila aina na ukubwa wa samaki, na watoto na wanawake wa umri wa kuzaa wamewekewa kiwango chao. Usome kabla ya kujaza friza. Mimi nawapa watoto wale koho wadogo, ninaondoa ngozi, nyama nyeusi ya ubavuni na mafuta ya tumboni, na ninachoma juu ya wavu ili mafuta yadondoke. Sijasema msile. Sisi tunakula, na ni watamu kweli.

Babu wa Mmoja

Nimesoma yote kwa furaha. Mimi nilikulia Mwanza, ziwa naliona tangu nazaliwa, hivyo nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka 11 nikijiona fundi. Nahodha alinifundisha jambo nisilolijua.

Tulikuwa tumekaa saa moja na nusu bila kuguswa. Mjukuu akauliza kwa nini vijiko vya chambo vyote vinang'aa rangi ya fedha. Nahodha akasema vinaiga samaki mdogo aitwaye alewife, ambaye asili yake ni baharini, na kwamba hata samoni hawakuwamo humu Ziwa Michigan zamani. Lampri, yule anayenyonya damu za samaki wengine, alipita mifereji akaingia maziwa ya juu, akamaliza trauti wa ziwa. Alewife naye akaingia, akakosa wa kumla, akazaliana kupita kiasi. Mwaka 1967 mizoga yake ilifunika fukwe za Ziwa Michigan. Wakati huo jimbo la Michigan, chini ya mkuu wake wa uvuvi Howard Tanner, lilikuwa limeshaleta mayai ya koho kutoka Oregon na kuachia wachanga mitoni mwaka 1966. Chinook wakafuata mwaka 1967. Samoni wakamla alewife, wakanenepa, na uvuvi huu wote wa boti ukazaliwa hapo.

Mimi nikamweleza habari za sangara, ambaye naye aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina za furu zilizopotea tumboni mwake. Tukawa wazee wawili tunazungumza kuhusu maziwa mawili na mtoto katikati anasikiliza. Nahodha akasema hapa hofu yao ni ya upande wa pili: alewife wakiisha, samoni nao wanaisha, kama ilivyotokea Ziwa Huron mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tulipofika gatini na msaidizi alipokuwa anatoa minofu, mjukuu aliomba afunguliwe tumbo la samaki wetu mmoja. Walikuwamo alewife 11. Aliwapanga mezani kwa ukubwa. Nawashauri mwombe hilo, hakuna nahodha atakayekataa. Na msaidizi msimsahau; kwa desturi ya huku hupewa asilimia 15 hadi 20 ya bei ya safari, kwani kazi nzito yote ni yake.

Mgeni wa Jukwaa

Samahani wakuu, choo kipo?

Mama Mapacha

Nyingi zina kidogo cha chini, lakini uliza. Na mfundishe mtoto kukitumia kabla hamjaondoka gatini, maana mle ndani boti ikiyumba huogopesha.

Mama wa Binti Mpole

Nimesita kuandika, lakini nadhani kuna mzazi anayehitaji.

Binti yangu wa miaka 8 alikuwa na hamu kuliko sisi wote. Samaki wa kwanza alipoingia, msaidizi alimpiga rungu kichwani, mara mbili, haraka, kama inavyopaswa ili asiteseke. Mimi sikuwa nimemwandaa. Alilia hadi kwikwi. Mume wangu alitaka tumwambie anyamaze kwa kuwa tumelipa. Nahodha akazima redio, akachuchumaa mbele yake, akamuuliza anataka nini. Akasema anataka wake aishi.

Basi akapeleka boti kwenye maji ya futi 120, akashusha matufe karibu yaguse chini, kunakokaa trauti wa ziwa. Fimbo ya binti ilipopinda ilikuwa nzito na ya polepole, si kama samoni. Nahodha akamwambia: tazama maji. Mapovu yakaanza kupanda, moja moja, kisha mengi, kabla samaki hajaonekana. Akamweleza kwamba trauti wa ziwa anaweza kucheua hewa ya kibofu chake anapopandishwa kutoka kilindini, na ndiyo maana akirudishwa upesi anaweza kushuka tena salama. Samoni wa maji ya joto la Agosti, akishapigana dakika 20, mara nyingi hawezi.

Hakumtoa kwa wavu. Alimfungua ndoana akiwa bado majini, binti amelala kifudifudi ukingoni na mimi nimemshika miguu. Samaki alikaa juu kidogo, akatikisa mkia, akazama. Binti aliendelea kuangalia pale pale na kuhesabu mapovu mpaka hayakuja tena.