Picha ya ubongo ni safi, lakini daktari bado anashuku ugonjwa wa neva za mwendo

BintiFundi (Moshi)
Habari zenu wanajukwaa. Baba yangu ana miaka 61 na ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza la duka hapa Moshi mjini. Tangu mwaka jana mkono wake wa kulia umekuwa ukipungua nguvu kidogo kidogo: alianza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, kisha vifungo vya shati lake mwenyewe vikamshinda, na sasa nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada imebonyea kama imechotwa, ilhali upande wa kidole cha mwisho bado umejaa. Misuli ya bega humchezacheza hata akiwa ametulia. Hana maumivu wala ganzi. Ukoo ulichanga akapigwa MRI ya ubongo, majibu yakatoka safi, nasi tukashangilia. Daktari bado anashuku ugonjwa wa neva za mwendo. Ikiwa picha haiuoni ugonjwa, tulilipia nini?

MpigaPicha_Arusha
Pole sana, dada. Nafanya kazi kwenye chumba cha MRI, na swali hili huulizwa mlangoni karibu kila mara. Ugonjwa huu huua seli za neva zinazopeleka amri kwenye misuli, na seli hizo ni ndogo mno kuonekana katika picha ya kawaida. Ndiyo maana wagonjwa wengi, hata walioanza kushindwa kutembea, huwa na picha safi. Wakati mwingine njia ya neva inayoshuka kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo huonekana kung'aa kuliko kawaida, lakini mng'ao kama huo huonekana pia kwa watu wazima wenye afya, kwa hiyo hautoshi kumhukumu mtu. Zipo MRI za kitafiti zinazofuatilia jinsi maji yanavyosambaa ndani ya nyuzi za ubongo, nazo hutofautisha kundi la wagonjwa na kundi la wazima, ila kwa mgonjwa mmoja aliyelala mbele yangu bado hazitoi jibu la kutegemewa.

Fedha yenu haikupotea. Picha hutafuta maradhi mengine yanayojifanya kuwa huu, kama vile uvimbe. Hata vigezo vya kuutambua ugonjwa huu vilivyokubaliwa Gold Coast, Australia, mwaka 2019 vinamtaka daktari aone udhaifu unaoendelea, dalili za neva za juu (zinazoshuka kutoka ubongoni) na za chini (zinazotoka uti wa mgongo kwenda kwenye misuli), au za chini peke yake katika sehemu mbili za mwili, na vipimo vinavyoondoa maradhi mengine. Kinachonisumbua ni kwamba umetaja ubongo peke yake. Je, shingo ilipigwa? Pingili za shingo zikikandamiza uti wa mgongo, mikono hukonda na miguu hukakamaa, kwa namna inayofanana sana na ugonjwa huu, na hilo linaweza kufanyiwa upasuaji.

MamaWaSakina
Mwanangu, mimi nilimuuguza mume wangu kwa ugonjwa huu. Kwenye hospitali ya kwanza tuliambiwa ni kiharusi, akameza dawa za kiharusi miezi saba, wakati kiharusi huja ghafla na huu wake ulikuwa ukitambaa. Aliyeukamata ni daktari bingwa wa mishipa ya fahamu: alimwambia atulize ulimi mdomoni, akaumulika kwa tochi, akaona unatetemeka kama una minyoo chini ya ngozi. Kisha akaagiza kipimo cha umeme wa misuli, kile cha sindano nyembamba, kikaonyesha kuwa hata paja ambalo kwa macho lilikuwa zima lilikuwa limeanza kupoteza neva. Ulizeni kipimo hicho. Na mwangalie baba anavyomeza na anavyopumua akilala chali, msingoje mpaka apaliwe.

BintiFundi (Moshi)
Asanteni, na shikamoo mama. Nimesoma tena karatasi ya majibu: imeandikwa ubongo tu, shingo haikupigwa. Jumatatu tunarudi kwa daktari na karatasi hii, na nitamwomba autazame ulimi.