Kiwanja cha urithi Mbagala: vyumba vya kawaida, masta au ghorofa?

Mwana_Charambe
Wakuu, habari za jioni. Marehemu baba katuachia kiwanja Mbagala Charambe, mita 20 kwa 15, kina nyumba ya miti na udongo iliyochoka. Tumekubaliana ndugu wote tuibomoe tujenge ya kupangisha. Mama ana sharti moja: wapangaji wawe watu wa kawaida kama wale aliokuwa akiishi nao baba. Mlinzi, mama ntilie, kijana wa bodaboda.

Fundi kanipa makadirio matatu. Nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, choo na bafu uani: milioni 24, chumba elfu 50 kwa mwezi. Vyumba vinne vya masta, kila kimoja na choo chake ndani: milioni 32, kodi laki moja. Ghorofa moja yenye nyumba ndogo nane za chumba na sebule: milioni 120, kodi laki na thelathini. Akiba yetu ni milioni 26, kwa hiyo ghorofa ni mpaka tukope karibu milioni 100. Ingekuwa nyinyi mngejenga ipi?

Hesabu_Kwanza
Pole kwa msiba mkuu. Mikopo ya nyumba hapa kwetu riba yake imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Chukua 16 tu: milioni 100 inazaa riba ya milioni 16 mwaka wa kwanza. Nyumba zako nane zikijaa mwaka mzima bila hata moja kukaa wazi, unakusanya 12,480,000. Hujalipa riba, hujagusa deni lenyewe, na dhamana ni kiwanja cha baba yenu. Mkitaka kuokoka mtapandisha kodi, na hapo sharti la mama limekufa. Ghorofa iacheni.

Halafu kabla ya kubomoa, msimamizi wa mirathi awe amethibitishwa mahakamani. Nimeona ndugu wakigombana msingi ukiwa umeshachimbwa.

Mpangaji_Buza
Mimi nazungumza kama mpangaji. Nimeishi miaka minne nyumba ya vyumba tisa, choo kimoja. Saa kumi na moja alfajiri ndoo zimeshapangwa mlangoni, kila mtu anaijua yake kwa rangi ya kamba aliyoifunga kwenye mkono wa ndoo. Mwanangu wa darasa la pili alikuwa anaenda shule hajaoga kwa sababu zamu haijafika. Usiku sikumruhusu kutoka peke yake kwenda uani, nilimwekea kopo chumbani.

Kwa hiyo usione elfu 50 ni nafuu ukaridhika. Ila masta ya laki nayo sikuiweza. Dalali alitaka ya mwezi mmoja yake, mwenye nyumba miezi sita kwa mkupuo. Laki saba mkononi siku moja mama ntilie anaitoa wapi? Mimi nilikopa kikoba, nikalipa deni lile mpaka kodi nyingine ikanikuta. Ukitaka kweli kutusaidia, pokea kodi mwezi kwa mwezi, au miezi miwili miwili.

Fundi_Temeke
Wote mnahesabu vyumba, hakuna aliyeuliza maji ya choo yataenda wapi. Masta nne ni vyoo vinne, na kiwanja chenyewe mita 300 za mraba. Masika iliyopita niliitwa kufungua chemba kwenye nyumba ya masta sita. Shimo lilichimbwa la kutosha familia moja. Maji machafu yalikuwa yamerudi mpaka bafu la chumba cha mwisho, mpangaji kaweka matofali mawili apate pa kukanyaga akienda kitandani. Mwenye nyumba alitaka nisubiri mvua ikolee nimtapishie choo kwenye mtaro. Nilikataa, maana visima vya majirani viko hapo hapo na watoto wanachezea maji yale.

Ushauri wangu: anza na septiki, yaani tangi la majitaka, na shimo la kunyonya la kutosha vyumba vyote mtakavyowahi kujenga, na uache njia gari la majitaka lifike. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza. Na tofali za inchi 6 fyatueni wenyewe, mfuko wa saruji wa kilo 50 usizidi tofali 30.

MamaWawili
Mimi nina vyumba sita Tandika. Nilichofanya ni katikati ya vyumba vya kawaida na masta: choo na bafu kwa kila vyumba viwili, vinafungwa kwa ufunguo, na wale wawili tu ndio wenye ufunguo. Usafi haujanipa shida tangu hapo, kwa sababu kila mtu anajua mwenzake ni nani.

Umeme utakusumbua zaidi ya kodi. LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa nyumba nzima, mwenye friji na mwenye taa moja wachange sawa? Weka mita ndogo kwa kila chumba. Ukiamua LUKU kadhaa, nenda kwa wahusika wa kodi ueleze kuwa ni jengo moja, maana kodi ya majengo inakatwa humo tangu 2021 na unaweza kukatwa kila mita.

Jirani_Chamazi
Nakuunga mkono fundi. Wale waliopisha upanuzi wa bandari Kurasini walinunua kwa pamoja ekari 30 huku Chamazi, wakafyatua matofali yao ya kufungamana, na majitaka wakayaweka kwenye mfumo mmoja wa pamoja unaosafisha kwa mimea. Mwana_Charambe, majirani zako wawili wakikubali, shimo moja kubwa mnaweza kuchangia.

Mwana_Charambe
Asanteni sana. Mpangaji_Buza, nimemsomea mama ulichoandika, akaniambia nikuombe radhi kwa niaba ya wenye nyumba wote. Tumeamua vyumba sita kwa mtindo wa MamaWawili, vyoo vitatu vya ufunguo, kodi mwezi kwa mwezi. Tutajenga vinne kwanza, septiki ya vyote sita. Leo nimepima na kamba: gari la majitaka litapita tukikata mwembe wa mbele. Mama hataki ukatwe. Fundi, mpira wa kunyonyea wa gari la majitaka unafika mita ngapi?

Fundi_Temeke
Usiukate bado. Jumamosi nakuja na futi nione.