Ukoo wa Bi Mwanaisha, Chumbageni 🌴

JUMANNE

Mwajuma 19:02
Asalaam alaykum familia. Kama tulivyokubaliana, mtambo wa Idrisa unaungwa Jumamosi hii kwa Mama, saa nne asubuhi. Saa nne ya saa, sio saa nne ya Hemedi. Kila mtu aandike anakuja na nini.

Mwajuma 19:04
Meza ya kulehemia – Mwajuma
Kinanda – Hemedi
Taa ya mezani yenye mwanga mkali –
Mita ya fundi –
Chai na vitumbua –

Mwajuma 19:41
Naona tiki za bluu kumi na moja. Tiki hazishiki pasi wala hazipiki vitumbua.

Shee Mombasa 19:58
Tulikubaliana lini?

Mwajuma 19:58
Idi pili, hapo hapo kwa Mama.

Shee Mombasa 19:59
Idi pili mie nilikuwa Mombasa.

Mwajuma 20:00
Basi ulikubali kwa kutokuwepo.

Zuhura 20:15
Ma'mdogo, harusi ni yangu na bado sijaelewa huu mtambo unafanya nini. Wenzangu wananiuliza kama naingia ukumbini na mlio wa gemu 😩

Idrisa 20:22
Da Zu tulia. Kisanduku kinakaa katikati. Upande mmoja waya wa MIDI, ule wa kupeleka noti, unatoka kwenye kinanda. Upande wa pili waya unaingia ubavuni mwa Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi, kwenye lile tundu walilokuwa wanaunganishia gemu mbili wacheze watu wawili. Nikibonyeza kinanda, inayolia ni Game Boy. Ni dakika kumi na tano tu kabla DJ hajafunga vyombo vyake.

Zuhura 20:23
Na inalia kama nini?

Idrisa 20:27
Ina sauti nne basi. Mbili kali kali za kubebea wimbo, moja nzito ambayo wimbi lake unalichora mwenyewe, hiyo nitaifanya besi. Ya nne ni kelele tupu.

Shee Mombasa 20:28
Hiyo ya nne ni Mwajuma.

Mama Zuhura 20:30
😂😂😂

Mwajuma 20:31
Dada na wewe unacheka. Chai na vitumbua nimekuandika wewe.

JUMATANO

Hemedi 13:10
Kinanda hakitoki.

Mwajuma 13:10
Habari za kwako pia.

Hemedi 13:14
Kilitoka mara ya mwisho kwenda kwenye rusha roho ya mtaa, kikarudi kimemwagiwa sharubati. Mpaka leo Fa ya katikati ukiibonyeza hairudi, naiinua kwa kijiti cha kiberiti. Aliyemwaga yumo humu na anasoma.

Mwanahamisi anaandika…

Mwajuma 13:20
Hemedi, ni harusi ya mtoto wa dada yako.

Hemedi 13:21
Najua ni harusi ya nani. Mtambo uje kwangu, kinanda kikae kilipo.

Mwajuma 13:26
Kwa hiyo wewe ndiye unayejua kipi kinatoka na kipi kinabaki. Akodioni mbona ilitoka.

Mama Zuhura 13:27
Mwaju.

Mwajuma 13:27
Nimesema akodioni tu. Sijasema kingine.

*Hemedi amejiondoa kwenye kikundi*

*Mwajuma amemwongeza Hemedi*

Mwajuma 13:35
Usitoke, tunahesabu viti.

Nassor Rotterdam 17:50
Asalaam alaykum, nilikuwa kazini. Idrisa, kabla hujagusa pasi, sikiliza.
Ule waya wa ubavuni una nyuzi ndani. Usiamini rangi zake. Kila kiwanda kinapaka kinavyotaka, na waya mwingine kuingia na kutoka kumepishana ncha hadi ncha. Weka mita kwenye mlio, gusa ncha hii na ile, andika kwenye karatasi. Ukikosea ule wa volti 5 unaweza kuichoma Game Boy yenyewe, na hiyo siwezi kukutumia nyingine.
Chipu kubwa ya miguu 28 ina pengo kichwani, na bodi imechorwa pengo. Pengo kwa pengo. Vile vitaa sita, mguu mrefu ndio chanya.

Babu Bakari 18:44
Ahsante kwa taarifa.

Shee Mombasa 18:50
Nassor, hiki kitu kimebuniwa na nani? Serikali ya Uholanzi?

Nassor Rotterdam 18:58
Hahaha hapana. Ubunifu ni wa jamaa anaitwa Timothy Lamb, unaitwa Arduinoboy, akaachia michoro wazi kila mtu ajitengenezee. Na ile programu ya mGB iliyo kwenye kaseti ya gemu niliyomtumia Idrisa, inayoifanya Game Boy ifuate kinanda, ni kazi yake pia. Mimi nimenunua vipande tu, vimefungwa kwenye mfuko. Game Boy yenyewe ilitoka Japani 1989, haikujua kama ipo siku itapigwa harusini Tanga.

Zuhura 18:59
Hata mimi sikujua.

*Mwajuma amebadilisha jina la kikundi kuwa "HARUSI YA ZUHURA + MTAMBO. JUMAMOSI SAA NNE"*

ALHAMISI

Idrisa 05:51
Shangazi nisamehe, sikuweza kusubiri Jumamosi. Jana baada ya isha nilikwenda nao kwa Ba'mdogo Hemedi. Kinanda hakikutoka, mimi ndiye niliyeingia. Tumelehemu mpaka saa tisa usiku, yeye kanishikia tochi.
Vitaa vinawaka, kitufe kinabadilisha vizuri, Game Boy inawaka. Lakini nikibonyeza kinanda, kimya.
Ile 6N138 imekufa. Nimehangaika nayo usiku kucha, sijapata hata lepe la usingizi.

Babu Bakari 06:12
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu ampe kauli thabiti. Mazishi saa ngapi?

Mwanahamisi 06:15
Poleni sana wafiwa 😢

Bi Tatu wa Pangani 06:19
Inna lillahi. Jamani nani tena?

Mama Zuhura 06:20
Mbona mimi sijapigiwa simu???

Mwajuma 06:24
HAKUNA ALIYEKUFA. Ni kidude cha umeme kina miguu minane!!

Shee Mombasa 06:31
Mwenye miguu minane ni pweza. Kama ameshakufa leteni nazi.

Babu Bakari 06:40
Ahsante kwa ufafanuzi. Lakini nimeshawaambia wa msikitini.

Mwajuma 06:41
Babu!!

Mwajuma 06:45
Idrisa, na wewe chagua maneno. Halafu Jumamosi iko palepale, hata kama umeshalehemu. Watu wameshajiandikisha.

Shee Mombasa 06:46
Nani?

Idrisa 06:58
📷 Picha
Kaka Nassor, bodi hii hapa, nimepiga karibu. Ukiipata niambie kama naweza kupata hiyo chipu Dar.

Zuhura 12:30
Mtu wa mapambo anadai hela kwanza ndipo alete viti. Ma'mdogo tunazungumzia hilo lini?

Mwajuma 12:31
Tukimaliza la mtambo.

Nassor Rotterdam 21:34
Haijafa.

Nassor Rotterdam 21:41
Kuza picha pale penye tundu la MIDI. Kuna rizista, kile kidude cha kupunguza umeme chenye pete za rangi, kati ya tundu na chipu. Inatakiwa nyekundu, nyekundu, kahawia. Hiyo ni 220. Yako pete ya tatu ni rangi ya chungwa. Nyekundu, nyekundu, chungwa ni 22,000. Umezidisha mara mia.
Ndani ya hiyo 6N138 kuna kitaa kidogo. Kinanda kinawasha na kuzima kile kitaa, na upande wa pili kuna jicho linalokiangalia. Kati yao hakuna waya, ni mwanga tu, ndiyo maana umeme mbovu wa kinanda hauwezi kuifikia Game Boy. Sasa wewe umekinyima kitaa umeme, kimebaki gizani. Kinanda kinasema mpaka kinachoka, jicho halioni kitu.
Mfuko nilioutuma haukuwa na 22,000 hata moja. Umeitoa wapi?

Idrisa 21:49
🤦🏾 Moja ilidondoka. Tulipiga magoti na tochi, tukafagia, tukainua mpaka jamvi, haikuonekana. Asubuhi ya jana fundi redio alikuwa amenipa akiba kwenye kikaratasi, kaniambia zote sawa. Usiku kwa tochi ya simu, kahawia na chungwa ni ndugu.

Hemedi 21:55
Mimi nilimwambia hiyo ni chungwa.

Idrisa 21:56
Ba'mdogo ulisema "hiyo ni chungwa au macho yangu". Tukakubaliana ni macho yako.

Hemedi 21:57
😂

Mwajuma 21:58
Kumbe unacheka.

IJUMAA

Idrisa 18:20
🎤 Sauti (0:14)
INALIAAA. Nimeitoa ya 22,000, nimeunga 220 niliyoichomoa kwenye redio mbovu. Sikilizeni mpaka mwisho, hapo Fa imeganda, sio mtambo.

Zuhura 18:24
Weee! Inalia kama nzi aliyesoma muziki. Naipenda 😂

Mama Zuhura 18:26
Mashallah mwanangu. Kassim angekuwepo.

Shee Mombasa 18:27
Kassim angesema mpe yeye kwanza, mwisho usiione mpaka betri ziishe.

Mama Zuhura 18:28
Hayo ndiyo maneno yake. Zile betri nne alikuwa anazianika juu ya bati ziamke.

Idrisa 18:37
Kimebaki kitu kimoja. Tundu la hedifoni la Game Boy lina mvumo. Wanaopiga jukwaani huwa wanaivuta sauti pale pale kwenye kirungu cha sauti, kabla haijafika kwenye amplifaya ya ndani, wanaitolea tundu jipya ubavuni. Fundi ana drili. Nitatoboa ganda mahali padogo tu, milimita sita. Nikiwahi naifanya leo usiku.

Mwajuma 18:38
Fanya, tumalize.

Nassor Rotterdam 18:52
Hapo pima mara mbili. Lile ganda halina jingine.

Mama Zuhura 19:15
🎤 Sauti (1:06)
Hii ni ya Bibi. Kashika simu yangu.

Zuhura 19:26
Nawaandikia wasio na bando. Bibi anasema:
"Mashine ya Kassim fungueni, ifuteni vumbi, ipigeni, hata mkeshe nayo. Kuitoboa, hapana. Alivyoiacha ndivyo mtakavyonirudishia kabatini. Idrisa, najua ni ya baba yako, lakini ni ya mwanangu pia.
Na hiyo akodioni mnayomrushia Hemedi kila mkikutana. Niliiuza mimi. Hemedi aliibeba tu mpaka stendi, kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma. Nilimwambia asiseme, akanyamaza. Mwaka ule mnajua ulikuwa mwaka gani. Mwaju, usinipigie, nalala."

*Shee Mombasa: ujumbe huu umefutwa*

Mwajuma 20:09
Sawa Mama.

Mwajuma 20:10
Hemedi.

Mwajuma 20:48
Hemedi?

Idrisa 21:02
Nimeelewa Bibi. Sitoboi.

Nassor Rotterdam 22:15
Idrisa, tumia tundu la hedifoni basi. Tumia betri mpya nne, usichomeke umeme wa ukutani hata kidogo, mvumo mwingi unatokea huko. Kwenye mchanganyiko wa spika punguza kidogo sauti za chini. Ukumbini na watu wanaongea hakuna atakayesikia mvumo ila wewe.

Babu Bakari 22:40
Bi Mwanaisha amesema.

JUMAMOSI

Mwajuma 09:52
Saa nne kasoro dakika nane. Niko kwa Mama, meza iko chini ya mwembe, mita nimeazima, vitumbua Dada kaleta. Idrisa yuko, anaingiza nyimbo. Wengine mko wapi?

Mwajuma 10:20
Mama kaamka, ameuliza Hemedi yuko wapi. Nimemwambia njiani. Msinifanye niwe muongo mbele ya mama yangu.

Mwanahamisi 10:33
Samahani jamani nilikuwa nje ya mtandao. Hii ni Jumamosi hii au ijayo?

Mwajuma 10:33
HII

Mwanahamisi 10:36
Na kuhusu ile sharubati ya siku ile, ilikuwa ya ukwaju. Nitalipa ufundi wa hiyo Fa.

Shee Mombasa 10:37
Miaka mitatu huyo!! 😂 Leo ni siku ya kuungama?

Mama Zuhura 10:38
Shee.

Zuhura 10:45
Mtu wa viti kanipigia tena. Kwa hiyo harusini kinanda kipo au hakipo? Nimwambie DJ aache nafasi au asiache?

Mwajuma 10:46
Mwambie aache.

Mwajuma 10:46
Au mwambie asubiri mpaka jioni.

Hemedi 11:04
Nani ana mkanda wa kufungia kitu kirefu nyuma ya bajaji?

Mwajuma 11:04
Unakuja nacho??

Hemedi 11:06
Nimeuliza mkanda.